Bangili za Nyigu

5 Machi

Mvua ya kwanza imeanza tukiwa juu ya viti, mama na mimi, tukilishusha pazia la picha katika studio ya baba. Pazia lile nalijua kuliko dirisha la chumba changu: ngazi za marumaru zisizopanda popote, chungu cha maua mekundu, na ziwa la buluu ambalo baba alilichora mwenyewe akasahau kulitia ukingo wa pili. Nusu ya mtaa huu imepigwa picha mbele ya ziwa hilo. Maharusi, watoto waliofaulu, na waliofeli wakataka picha hata hivyo. Lilipoanguka sakafuni lilitimua vumbi lenye harufu ya dawa za kusafishia picha, na kwa kitambo kidogo baba alikuwa hai, nyuma ya mlango wa chumba cha giza, akipiga mluzi wake usiokuwa na wimbo.

Mama alipiga chafya. "Likunje," akasema. "Ukilizubalia halitajikunja lenyewe."

Mvua zikiisha, kinyozi anahamia hapa. Mama ameshampa neno lake. Mwaka haujatimia tangu baba aondoke, na mama anapanga makopo na kung'oa misumari kama mtu anayejiandaa kwa ugeni. Sijamwona akilia. Hata siku ya mazishi alikuwa akiulizia viti. Najua si haki kuandika hivi. Lakini ni wapi pengine nitakapoandika?

Nyuma ya pazia, juu karibu na dari, kuna tundu lililokuwa likipitisha waya wa umeme. Limezibwa kwa udongo uliolainishwa vizuri, kama mtu ameupitishia kidole gumba.

"Nyigu wa baba yako hao," mama alisema, akageuka kutafuta ufagio.

Niliushika ufagio kabla yake. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeachia.

6 Machi

Niandike kuhusu nyigu, maana sitaki nisahau.

Alikuwa akija kila mwaka mvua zikikatika. Baba alimwita "mteja wangu wa kudumu". Mara nyingine aliacha mtu mzima kwenye kiti, amekwisha kuvaa lile koti la studio lililobanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili limkae, akaenda kumpiga picha nyigu aliyetua kwenye pazia. Picha nyingi ni ukungu mtupu. Moja tu ilitoka safi, naye akaikuza na kuitundika juu ya kaunta, ukubwa wa sinia. Nyigu ametua kwenye ziwa la buluu, amechukuliwa kutoka juu, mabawa yamekunjwa, mwili mweusi wenye mistari mitatu ya njano inayong'aa. Nimekua chini ya picha hiyo. Nilijifunza kusoma nikiwa nimekaa chini yake.

Kila aliyeingia aliulizwa: "Huyu unamjua jina?" Mwalimu, muuza dawa, fundi wa saa. Wote walisema nyigu. Baba akajibu, "Na wewe ni mtu. Lakini si una jina?"

Hakulijua jina lake mpaka mwisho.

9 Machi

Kinyozi amekuja kupima ukuta kwa ajili ya vioo. Ni kijana mchangamfu, nywele zake mwenyewe hazijakatwa vizuri. Aliliona tundu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo mama. Humo ndani kuna watu?"

"Marahaba. Kuna nyigu."

"Basi nakuja na dawa. Tunapuliza, tunaziba kwa saruji, kwisha habari."

Nikasema hapana. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana wote wawili walinigeukia. Nikamweleza kwamba kuna nyigu wa aina nyingi, wengine hawana haja na mtu.

"Dada yangu," akasema, "wewe umesoma, mimi sibishi. Lakini fikiria. Mteja amekaa hapa, kichwa nyuma, wembe wangu uko kooni mwake. Nyigu anamuuma sikio. Anaruka. Mimi nitaenda kuwaambia nini nyumbani kwake?"

Mama alicheka puani.

"Tufanye hivi," kinyozi akaendelea. "Niletee jina lake na tabia yake. Akiwa mpole, abaki, hata kioo nitakisogeza. Akiwa mkali, dawa. Nina muda mpaka mvua ziishe."

Kwa hiyo sasa ni mimi. Swali lililomshinda baba miaka yote, mimi ninalo msimu mmoja tu kulijibu.

13 Machi

Mvua. Kabati la negativu, filamu za picha za baba, limeliwa na ukungu. Nimefungua boksi baada ya boksi, zote zimegandana kama maganda ya kitunguu. Picha ya juu ya kaunta haina tena mwenzake.

17 Machi

Nimepanda tena na tochi. Udongo ni mkavu na mgumu. Kutoboa ni kuua walio ndani, na walio ndani hawatoki mpaka wakati wao. Mdudu mwenyewe kwa sasa hawezi kuonekana popote isipokuwa pichani.

20 Machi

Nimempigia Darubini. Tulilala chumba kimoja chuoni, na jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna kitu alichokitazama mara moja tu. Hata maharage aliyageuzageuza. Amebaki huko kusomea wadudu. Mimi nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha.

"Shoga, umekumbuka kwamba niko hai!" akapiga kelele. "Nani kafa?"

Nikamwambia. Hakuwa amesikia habari za baba. Akaniomba msamaha, kisha, kwa sababu ni Darubini, akauliza: "Huyo nyigu ana kiuno cha namna gani?"

Nimeipiga picha ile picha kwa simu, ikiwa palepale ukutani, nikamtumia.

26 Machi

Paa linavuja mahali palepale pa miaka yote, na mama anaweka ndoo ileile. Sauti ya matone ndani ya ndoo hiyo ni utoto wangu mzima.

2 Aprili

Darubini amejibu. Nimeusoma ujumbe wake nikiwa jikoni, nimesimama, mwiko mkononi.

"Picha moja si shahidi," ameandika, "lakini mistari hiyo ya njano, na kiuno kifupi kilichojaa namna hiyo, vyote vinanipeleka upande mmoja: wale wanaoishi kwa ukoo, malkia na wafanyakazi. Wakiguswa nyumba yao wanatoka wote. Udongo haunipi moyo, tundu linaweza kuzibwa na mmoja likakaliwa na mwingine. Kama ni nyumba ya biashara, mimi ningeogopa. Samahani, shoga. Najua ulitaka jibu lingine."

Nililitaka jibu lingine kiasi kwamba ugali uliungua. Mama aliingia akanusa, akatazama sufuria, akanitazama mimi, akaipeleka nje bila neno. Angalau angenigombeza.

3 Aprili

Sikumwambia mtu.

8 Aprili

Mvua imepiga mchana kutwa. Mama anapanga picha ambazo wenyewe hawakuzichukua. Nilikuwa nimeamua kumkasirikia, nikajikuta nimekaa naye sakafuni. Anawajua wote. "Huyu aliazima tai, hakuirudisha. Huyu alifumba macho mara nne, baba yako akamwambia, basi tukupige umelala." Ananipa habari zao bila huzuni, kama mwalimu anayeita majina darasani. Nikamuuliza kwa nini wanawake wote wa zamani katika picha hizi wana herini. Akasema walizipenda. Kisha akainuka kumwaga ndoo.

15 Aprili

Kinyozi ameuliza: "Dada, nyigu wetu keshapata jina?"

"Bado."

"Haya. Mimi nimeanza kumwita Shemeji, ili tukija kugombana iwe ya kifamilia."

Nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka. Ni mtu mwema, nami namdanganya kwa neno moja la silabi mbili.

23 Aprili

Nimemwambia kinyozi. Siwezi kuishi na "bado". Tulikuwa mlangoni, maji yanatiririka kwenye mfereji mbele yetu, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kuleta utani.

"Pole," akasema. "Naona ilikuwa kitu kikubwa kwako." Kisha: "Jumamosi nitakuja na bomba la dawa. Ukipenda usiwepo."

25 Aprili

Leo nitaandika kwa kirefu.

Baada ya chakula cha mchana nilimwambia mama habari za Jumamosi. Nilitaka kumwambia kwa utulivu. Badala yake nilimwambia kila kitu: kwamba anaifuta studio kama anayefuta meza, kwamba baba alikuwa akiwasubiri wale nyigu mwaka mzima, kwamba yeye alikuwa akiwafukuza kwa ufagio, na sasa kazi yake itamalizwa kwa dawa kwa sababu wana mistari mitatu ya njano.

Mama alikuwa akikausha sahani. Akaiweka chini.

"Wana nini?"

"Mistari. Ya njano. Darubini anasema ndiyo alama ya wakali."

Akanitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kufanya kitu nisichokielewa. Mabega yakatikisika. Nikadhani hatimaye analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mpaka machozi yakamtoka, akijaribu kusema neno akashindwa, akajaribu tena.

"Mistari! Mwanangu, zile ni bangili. Nilimvisha mimi."

Nilikaa chini.

Nilijua kwamba zamani mama alikuwa akitia picha rangi kwa mkono. Kila mtoto wa mpiga picha wa enzi hizo anajua: picha inatoka nyeusi na nyeupe, mtu anakaa dirishani na brashi nyembamba, anaweka wekundu shavuni, ukijani kwenye gauni. Lakini aliacha nikiwa mdogo, rangi za kiwandani zilipokuja, na ile ya nyigu siku zote niliihesabu kuwa ya rangi tangu mwanzo. Ilikuwa ya baba. Sikuwahi kuuliza.

"Watu walikuwa wakitaka dhahabu," mama akasema, anajifuta macho kwa kitambaa cha sahani. "Mtu anakuja masikio matupu, ananinong'oneza, mama, nivishe. Namvisha. Hakuna mwanamke aliyetoka studio hii hana kitu sikioni. Basi siku moja baba yako anakuja na picha ya mdudu, amefurahi kama amepata mtoto. Anasema, huyu ndiye mteja bora, hatikisiki. Nikamwambia, mteja gani hana hata kipini? Nikamvisha bangili tatu. Alicheka baba yako! Akaitundika siku hiyohiyo."

"Na kiuno?" nikauliza. "Darubini anasema kiuno kimejaa."

Hapo akaona haya kidogo.

"Kiuno kilikuwa kama kimekatika. Uzi mtupu. Nikajua mkono wa baba yako umetikisika. Nikakijaza kwa ile bangili ya kwanza na weusi kidogo kandokando. Maharusi waliokonda nilikuwa nawaongezea nyama mashavuni, nimwache yeye?"

Tukacheka wote wawili sasa, na mvua juu ya bati ikawa kama inacheka nayo. Kisha nikakumbuka.

"Kwa nini ulikuwa ukiwafukuza, basi?"

"Niliwafukuza juu ya benchi la wateja. Juu ya meza. Uliwahi kuniona nikipeleka ufagio nyuma ya pazia?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Nyuma ya pazia kulikuwa kwake," akasema, akaendelea kukausha sahani.

Nimekaa miaka yote ile chini ya picha, nikidhani ninayemtazama ni baba.

26 Aprili

Asubuhi nimempigia Darubini nikamweleza. Alipiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. "Kiuno kama uzi? Wewe! Niletee kiuno! Nikikiona kiuno nakupa jina leo hii. Lakini nikione kwa macho yangu, siwezi kuandika jina la mdudu kwa kusimuliwa na mama yako, hata akiwa mama yako."

Negativu hazipo. Picha ni ile moja tu.

Nikamwambia mama basi, tuiache. Tutamwomba kinyozi kwa maneno, pengine atakubali. Mama aliingia chumbani akatoka na kopo la biskuti ambalo sijaliona tangu utoto. Ndani mna vichupa vya rangi vilivyokauka, brashi zilizobaki na nywele chache, pamba, na chupa ya tapentaini iliyofungwa kwa kitambaa. Akatandika gazeti mezani, karibu na dirisha. Akaishusha picha, akaitoa kwenye fremu.

"Mama, usifanye. Hii ndiyo pekee mliyoifanya pamoja."

"Tulifanya nyingi," akasema. "Wewe ni mmojawapo." Akalowesha pamba. "Dhahabu yenyewe nilimpa mimi. Nani atanikataza kumvua?"

Nilitaka kutazama pembeni nikashindwa. Hakusugua. Alizungusha pamba polepole, akibadilisha upande kila mara, kama anayemwosha mtoto mchanga karibu na jicho. Pamba ikawa njano. Bangili ya mwisho ilitoka kwanza, kisha ya kati. Mkono wake, ambao nimeuona mzito na mwepesi wa kutupa vitu, ulikuwa umetulia kuliko mkono wowote niliowahi kuuona. Kumbe ndivyo alivyokuwa. Kumbe watu hawakuja kwa ajili ya baba peke yake.

Bangili ya kwanza, ile ya kiunoni, alikaa kidogo kabla ya kuigusa. Kutwa nzima hakusema kitu kuhusu baba ila hiki: "Alikuwa akisimama hapo nyuma, ulipo wewe. Ananipumulia shingoni. Namwambia, sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea.

Rangi ilitoka pamoja na ule weusi wa kandokando. Chini yake, kati ya kifua na tumbo la nyigu, ukatokea uzi. Mrefu, mwembamba, umenyooka, umelengwa sawasawa. Mkono wa baba haukuwa umetikisika hata kidogo.

Mama akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Alah," akasema. "Kumbe alikuwa mzima."

Darubini amejibu kabla chai haijapoa. Ni nyigu mwashi. Huishi peke yake, hujenga kwa udongo, huwinda buibui akawafungia chumbani na mayai yake, kisha huondoka. Halindi nyumba. Hamuumi mtu ila umshike. Ameandika pia jina refu la kisayansi ambalo nimelinakili mara mbili ili mkono ulizoee, na mwishoni: "Wengi wa aina hii kiuno chenyewe huwa cha njano. Mwambie mama alikaribia sana."

Nilimsomea. "Ona," akasema. "Nilimzidishia mbili tu."

27 Aprili

Kinyozi alikuja na bomba mgongoni. Mama alimpokea mlangoni, picha mkononi, akamsomea jina na tabia, neno kwa neno, kama anayesoma hukumu. Kijana wa watu alisikiliza, bomba linadondosha.

"Anakula buibui?"

"Hao tu."

"Na mimi buibui ndio ninaowaogopa," akasema. "Shemeji, karibu nyumbani."

11 Mei

Mvua nyepesi. Nimepangiwa shule. Nitaondoka katikati ya mwezi ujao.

19 Mei

Vioo vimewekwa. Kimoja kimesogezwa kushoto, kimekaa vibaya, na kila anayeingia anauliza kwa nini.

30 Mei

Siku ya kwanza bila mvua. Mama ameikausha ndoo, ameigeuza kifudifudi.

8 Juni

Kinyozi ameanza kazi. Mama anasema anapita tu kusalimia, lakini amekwisha kupata kiti chake karibu na dirisha, na anawaambia wateja wageuze uso kwenye mwanga. Nilipofika leo alikuwa anabishana na mzee mmoja kuhusu upande upi wa uso wake ni mzuri zaidi. Mzee alikubali kushindwa.

12 Juni

Kesho naondoka. Nilikuwa nimekwenda kuaga. Ilikuwa kama saa nne, jua limeingia mpaka ukutani, na kinyozi alikuwa na mteja chini ya shuka, mtu mnene mwenye povu shingoni, kichwa nyuma. Mama kitini kwake. Mimi mlangoni.

Kinyozi ndiye aliyeona kwanza. Wembe wake ulisimama hewani.

Udongo wa tundu ulikuwa umepata nukta nyeusi. Nukta ikapanuka. Vumbi jembamba likadondoka juu ya kioo. Kikatokea kichwa, kikarudi, kikatokea tena, kikazunguka kutazama, kisha miguu, kisha taratibu sana ule mwili, nusu moja, na uzi, na nusu ya pili. Akasimama kwenye mdomo wa tundu, mabawa yamemgandamia. Nilipeleka mkono mfukoni. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye chaji.

"Kuna nini?" mteja akauliza, kichwa bado nyuma. "Mbona mmenyamaza? Nimekatwa?" Akaanza kuinuka.

Wembe ulikuwa bado juu yake. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia, sauti ambayo lazima mamia ya watu waliisikia mbele ya lile ziwa:

"Tulia hivyohivyo, baba. Unapigwa picha."

Na yule mtu akatulia. Akainua kidevu, akaunyoosha uso wake wenye povu, akashikilia pumzi. Kinyozi naye akashikilia. Nyigu akapiga mswaki uso wake kwa miguu ya mbele, akanyoosha bawa moja, kisha la pili, akakauka juani bila haraka. Halafu akaruka, akapita juu ya kichwa cha mteja, juu yangu, akatoka nje.

Hakuna aliyesogea kwa muda.

"Tayari?" mteja akauliza kwa midomo iliyofungwa.

"Tayari," mama akasema.

"Nilifumba macho?"

"Hukufumba, baba," mama alimjibu, mikono yake imelala mapajani, na macho yake mwenyewe ameyafumba. "Hukufumba hata kidogo."